Saa Nane Hadi Saa Kumi

Fulvio ametandaza ramani mezani,
kona moja kaikandamiza kwa chupa ya mafuta,
nyingine kwa jibini iliyobaki.
Nje, theluji ya Cuneo inashuka bila haraka
kama karani aliyebakiza siku mbili astaafu.
Naye kastaafu: miaka thelathini na minne
akipanga ratiba za treni.
Ratiba ndizo hazijastaafu.

"Ijumaa, saa moja na dakika kumi na mbili, tunaondoka.
Saa nne tuko Genova. Saa nne na robo, kahawa.
Kahawa tuipe dakika kumi na moja."
Na ikiwa ya moto je?
Anafuta. Anaandika kumi na tatu.

Siku tatu tu. Mgeni siku mbili, waliosema walijua;
ya tatu, kabla mji haujatutafutia jembe,
tutakuwa tumeshapanda treni.

Anasoma kitabu cha wasafiri kwa sauti.
Ananieleza vichochoro vyembamba hivi
hata jirani humwazima jirani chumvi
dirisha kwa dirisha, pasi na mtu kuvaa viatu.
Ananieleza mkate wa unga wa dengu,
wa manjano, uokwao katika sinia la shaba
pana kama gurudumu la mkokoteni.
Ananieleza harufu ya bandari.
Mimi!
Nasema, "Ehe." Nasema, "Kumbe."
Navaa uso wa mtu asiyejua.

Maana sikumwambia.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
nikifua mashuka ya meli za abiria
katika chumba cha chini, nyuma ya matao ya bandari,
mvuke kutwa nzima,
mikono myekundu kama kaa aliyechemshwa.
Juu yetu Baciccia akikaanga samaki;
jioni aligonga sakafu kwa kisigino, mara mbili:
dagaa wamebaki, njooni.
Ilva alipanda kuwaleta ndani ya gazeti,
tukala tumesimama, chumvi ikituwasha vidole vilivyochubuka.
Meli ya Tunisi ilipopiga honi
vikombe vilitetemeka rafuni, nasi tukanyamaza,
sijui kwa nini, kama watu kanisani.

Miezi kumi na minne.
Msitafute mpenzi katika habari hii, hayumo.
Wala aibu haimo.
Kuna vitu ambavyo mtu havifichi,
huviacha tu mfukoni, na koti likagawiwa.

Kisha Alassio, fungate, mwezi wa Juni:
Fulvio aliniziba macho kwa viganja vyake
vilivyonuka grisi na sabuni,
akanitembeza mchangani hatua kwa hatua, akihesabu.
"Sasa! Tazama, Ornella, bahari!"
Furaha ile, wewe ungeivunjaje?
Nikashangaa.
Nimeshangaa miaka arobaini na moja.

"Jumamosi," anaendelea, "tunapanda kwa lifti ya mji,
tunaona mapaa yote, kisha lifti hiyohiyo
inatushusha mpaka bandarini."
"Haifiki bandarini," nasema.
"Inakuacha handakini, halafu ni miguu yako."

Kalamu imesimama.
Jokofu linanguruma, linaacha.
"Nimesoma," nasema.
"Umesoma."
"Mahali fulani."

Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati,
anaivaa tena, chafu kuliko mwanzo.
Makumbusho ya mabaharia anayakata kwa rula.
Kanisa lenye mistari myeusi na myeupe
analisogeza hadi Jumapili.
Anapima, anahesabu kwa midomo,
na katikati ya Jumamosi panabaki peupe,
saa nane hadi saa kumi:
sijapata kuona peupe kwenye karatasi ya mume wangu.

"Hapa," asema, akikata jibini, hanitazami,
"utaongoza wewe."

Tangu lini? Nani? Ilva alikufa mwaka ule wa mafuriko.
Siulizi. Naye haulizi.
Ananisogezea kipande kinene, chenye ganda,
anavyojua nakipenda.

Chini ya meza kisigino changu kinagonga
mara mbili.