Uzi wa Nanganga

Katapila limekata waya Nanganga
na mnada wa korosho umesimama Masasi.
Somoe Nandonde kapiga magoti mtaroni,
matope mekundu hadi kiwikoni,
anapangusa kwa spiriti uzi
mwembamba kama unywele wa mtoto.

"Hiki ni kioo?" anauliza kijana wa sururu.
Kioo. Kiini, na ganda juu yake,
kama korosho; ila ganda hili halitunzi utomvu,
linarudisha nuru ndani.
Nuru ikigonga ukuta kwa mshazari
hurudi, hugonga tena, hurudi,
hivyo hivyo mpaka Lindi, mpaka Dar,
bila kuchungulia nje.
Ukiupinda uzi kupita kiasi, inavuja.
Nuru nayo ina uvumilivu wake.

Cheche moja. Ncha mbili zimeyeyuka, zimeshikana.
Kijana anainama aone.
"Toa jicho! Haionekani hiyo,
lakini inapofusha."

Simu yake inaita. Masasi: mnada umeanza,
bei haijapanda hata shilingi.
Anafunika kiungo, anafukia mtaro.
Jioni hii watu watasema mtandao umerudi,
kana kwamba ulikwenda matembezini.