Ghorofa ya Tisa

Januari. Dar inachemka hadi lami inanasa soli,
na ghorofa ya tisa, Mtaa wa Ohio, wahasibu wamevaa masweta.
Mmoja kajitanda kanga mbili juu ya suti.
"Fundi, tunaganda. Wewe si ndiye wa mitambo?"
Ndimi.

Siku ya kwanza nilipanda paani.
Chila zinanguruma sawasawa, maji yanatoka na nyuzijoto saba,
pampu haina hata kikohozi.
Nikashuka, nikafungua kasha la kidhibiti:
volti ishirini na nne, taa ya kijani inapepesa
kama mtu asiye na deni.
Nikaifunga vali kwa mkono. Ikatii.
Nilipoiachia ikafunguka yote, kinywa cha kinda.

Nani anakutuma?
Skrini ikanijibu bila haya:
chumba, nyuzijoto thelathini na nne.
Nami meno yanagongana.

Siku ya pili nilibadili waya.
Nikaufuata ule wa zamani darini, kwa tumbo,
vumbi la miaka, mavi ya panya,
kofia ya mjenzi aliyoisahau, bado ina jasho lake.
Nikakagua anwani: pengine vidhibiti viwili vimepewa namba moja,
kama wanafunzi wa jina moja, ukiita wanaitika wote.
Hapana. Kila kimoja na chake.
Bwana Kihampa wa utawala akapita na koti:
"Tununue kipya?"
Nikasema, subiri. Kinachojibu hakijafa.
Usiku nikaota namba.

Siku ya tatu sikugusa kitu.
Nikavuta kiti, nikaukabili ukuta kama anayengoja majibu hospitali.
Saa mbili: ishirini na tatu.
Saa tatu: ishirini na tatu.
Saa tatu na nusu akaja Bi. Hadhara na birika lake la umeme,
akaliweka kwenye kimeza, chini ya kijisanduku cheupe cha ukutani,
akachomeka, akanisalimu, akapanga vikombe.
Mvuke ukapanda na tangawizi yake,
ukakikumbatia kijisanduku.
Ishirini na nane.
Thelathini na moja.
Juu yetu vali ikapanuka. Safari hii niliisikia.

"Mbona unachemshia hapa, mama?"
"Jiko langu wamelifanya chumba cha kompyuta.
Tangu Novemba. Wakaniambia, tafuta pembe.
Na wageni hawaishi, birika halipoi mpaka saa kumi."

Basi mashine haikusema uongo.
Iliambiwa pana moto, ikaleta maji,
ikaleta, ikaleta,
na siku mbili nzima mimi nilikuwa naipekua mifuko.

Skrubu mbili, mita nne za waya.
Nikakihamishia ng'ambo, karibu na rafu ya mafaili,
matundu ya zamani nikayaziba kwa dawa ya meno.
Kufika adhuhuri masweta yananing'inia vitini.
Bi. Hadhara akanimiminia chai, sukari hakuuliza.

Fomu ya kazi ina mistari yake.
Tatizo: baridi kali.
Kilichofanyika: kihisi kimehamishwa.
Kisha upo huu mmoja: Aliyesababisha.
Nikautazama hadi chai ikapoa.
Nikauruka. Nikaandika chini, kwenye sahihi,
jina alilonipa bibi yangu kule Kisarawe
asubuhi alipoamka akakuta binti yake kajifungua:
Sikujua.