Kitenzi Kimoja

Tulianza na herufi A, kama watoto wa shule,
katika chumba kilicho chini ya maktaba, Little Rock,
kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika miguu.
Kompyuta tatu. Feni moja
inayolalamika kila ikigeuza shingo.
Na Verna Stotts, mhariri mkuu, aliyetuambia siku ya kwanza:
"Hatuuzi kitu. Mtoto wa mkulima wa mpunga
akiifungua kamusi elezo hii saa nane za usiku
asikute mlango wenye bei."

Basi tukaliandika jimbo.
Almasi zinazookotwa shambani. Kambare wa kukaanga.
Vimbunga, mwaka kwa mwaka.
Mablanketi ya viraka vya magunia ya unga,
na majina ya walioyashona, pale tulipoyapata.
Mara nyingi hatukuyapata.
Mimi nikapewa miji midogo,
ile ambayo ramani huipa nukta
na ramani nyingine huinyima.

Kila makala na viungo vyake:
gusa hapa, utokee kule.
Mji usio na viungo ni mifupa ndani ya gunia,
ni wali usioonja hata bizari.

Machi nikafika Larkin Bend.
Wakazi mia mbili na kumi; kiwanda cha kuchambulia pamba, kimefungwa.
Katika gazeti kuukuu nikakuta sentensi,
nikaichukua jinsi ilivyo:
*Mwaka 1921 moto ulizuka upande wa mashariki,
nyumba thelathini na kanisa zikateketea.*
Tanbihi ya nne. Tarehe sahihi.
Nikabonyeza, nikaenda kula.

Simu ililia Alhamisi.
Sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka:
"Naitwa Orvalee Gatewood. Nina miaka tisini na mmoja.
Mjukuu wangu amenisomea ulichoandika.
Umeandika vizuri. Ila nikuulize, mwanangu,
moto huzuka?"

Nikasema, bibi, gazeti ndilo...

"Upele huzuka. Uyoga huzuka baada ya mvua.
Ule moto uliwashwa. Ulikuwa na mikono.
Mama aliijua mikono ile. Mmoja
ulimpimia sukari kila Jumamosi,
kabla, na baada."

Verna akasikiliza, akavua miwani.
"Namwamini," akasema. "Sasa nenda ukathibitishe."

Nikaenda. Ofisi ya hati za ardhi, jalada lenye harufu ya panya:
viwanja ishirini na saba, wiki moja,
wanunuzi wawili, dola moja moja.
Na daftari la kanisa, ndani ya kopo la biskuti,
mwandiko wa karani uliotulia mpaka ukurasa wa Oktoba,
halafu haukutulia tena.

Kuna aliyetuandikia barua: kwa nini kufukua?
Babu zetu walikuwa watu wema.
Sikumjibu. Nilikuwa kazini,
na kuhariri si kulifuma jambo
mpaka liwe hariri, laini shingoni mwa kila mtu.

Nikafuta *ulizuka*.
Nikaandika *uliwashwa*.
Herufi mbili zaidi. Nilizihesabu.

Jioni nikampigia, nikamsomea,
pamoja na tanbihi, maana alizitaka zote.
Kimya. Nikadhani simu imekatika.
Kisha: "Na kinanda?"
Kinanda gani, bibi?
"Cha kanisa. Wanaume wanne walikitoa kwa dirisha,
wakakifukia mtaroni, wakakifunika pamba.
Mama alinipakata, mimi wa miaka miwili,
akasema kililia kikishuka, nota moja tu.
Andika na hicho."

Nikamwambia Verna. Akatikisa kichwa:
hakuna hati, hakuna picha,
na walioshuhudia wamekwisha.
Sheria ni sheria, hata kwangu mimi niliyeisikia ile nota
katika waya wa simu.

Makala ya Larkin Bend ipo. Isome, ni bure.
Ina tanbihi kumi na tisa.
Jumamosi huwa naendesha gari hadi kule, na koleo kwenye buti.
Mitaro ni mingi.