Unene wa Barafu

Mtandao wetu ni mdogo: watu mia mbili na kumi na mmoja,
na mtambo wake unakaa kabatini kwa mwalimu Urve,
kati ya mitungi ya matango ya siki na buti za marehemu mumewe.
Umeme ukikatika kwake, sote tunanyamaza.

Hakuna mashine ya kunichagulia nione nini.
Mlisho wangu naulisha mwenyewe,
kijiko kwa kijiko.

Nilianza wakati wa vuli, mama ana wiki sita kaburini,
nikitoka zamu ya kufua mashuka ya hoteli,
mikono yanuka klorini, simu juu ya kopo la sabuni.
Nilifanya alivyonifunza kuchagua beri za kinamasi:
unainamisha ubao, unamimina,
nzima hubingirika hadi bakulini,
iliyooza hunata pale pale, haina mbio.
Shemeji Raivo na siasa zake alinata. Nikamnyamazisha.
Hajui. Krismasi alinipa soksi.
Anayepiga picha kila mkate anaoumua, karibu.
Anayeandika "amkeni!" kila alfajiri, kwaheri;
mimi hata sikulala.

Kisha nikaanza kuficha maneno.
Macho hayana pazia, husemwa.
Mimi nililishona langu, neno kwa neno:
uchaguzi, bei ya gesi, vita.
Na usiku mmoja, taa imezimwa,
kidole kikisita kidogo:
hospitali.
Chapisho lolote lenye neno hilo lisinifikie.

Na halikunifikia.
Utulivu ulioje! Mikate, paka, ukungu,
na Endel wa Mustvee.

Endel sijawahi kuonana naye.
Kila asubuhi hutoboa ziwa Peipsi, hushusha rula,
huandika mstari mmoja.
Sentimita kumi na moja.
Sentimita kumi na tisa. Upepo.
Sentimita ishirini na sita, mbwa kagoma kutoka.
Namba zake nilizisoma kama wengine wasomavyo sala,
nimesimama, kabla ya chai.

Februari akanyamaza.
Nje ilikuwa nyuzi hasi kumi na nne;
barafu haikuwa na udhuru wa kuyeyuka.
Siku ya tatu nilikasirika.
Siku ya tisa nikasema, haya, kapata wasomaji mahali pakubwa,
ndivyo watu walivyo.
Siku ya kumi na tisa nilifungua orodha yangu ya maneno
niongeze jina la waziri mmoja,
nikaona pembeni maandishi ya kijivu,
madogo kama mayai ya chawa:
Yaliyofichwa, kumi na mawili.

Yote yake.

Hospitali ya Tartu, ghorofa ya nne. Barafu ya dirishani: milimita mbili, kwa kukisia.
Hospitali. Milimita tatu. Rula wamenikatalia.
Hospitali. Kuna mtu anayeishi huku Tartu? Mbwa yuko kwa jirani.

Vituo vitatu vya basi kutoka jikoni kwangu.
Wengine walimjibu. Mwalimu Urve alimpelekea matango.
La mwisho lilikuwa na umri wa siku nne, halina namba:
Hospitali. Leo dirisha ni kavu.

Nililifuta lile neno orodhani. Halikuchukua hata sekunde.
Nikatoka uani na kandambili,
nikaigonga ndoo ya maji ya mvua kwa shoka,
nikashusha rula ya kushonea hadi ilipogota bati.
Nikaandika:
Tartu, ndoo ya uani. Sentimita ishirini na mbili. Imeganda hadi chini.

Nikakaa. Simu uso juu, beri bakulini,
nyekundu, nzima, hakuna hata moja iliyonata.
Basi likapita. Likapita jingine.
Sikujua wagonjwa hutazamwa kuanzia saa ngapi.
Nikavaa buti.