Nne Nukta Moja Nane Nne

Pakiti ya unga inasema kilojuli.
Kitabu cha sayansi kinasema kalori,
kisha chini ya ukurasa, kwa herufi za aibu,
kinakiri kwamba kalori ya chakula ni kalori elfu
zilizovaa jina la mmoja.
Mama anasema: sahani. Nusu sahani. Ongeza supu.

Tuko Pipeline, nyuma ya mabati,
chini ya jengo ambalo bado halina madirisha.
Saa sita unusu mashine ya kokoto inanyamaza,
wanashuka, nyusi zimeota saruji.
Nami, daftari limelowa mafuta,
nagawa chapati ya mamangu Syombua:
kilojuli elfu moja mia mbili hamsini na tano
kwa nne nukta moja nane nne.
Mia tatu! Karibu kamili.
Nikafurahi kama niliyeokota noti.

Furaha haina breki. Nikaendelea.
Mfuko wa saruji, kilo hamsini.
Ghorofa ya nne, mita kumi na mbili.
Mvutano wa dunia, kumi; tusigombane na desimali.
Kilojuli sita tu.
"Wesonga," nikaita, "chapati moja
inapandisha mifuko mia mbili na tisa.
Nawe umekula tatu."

Wesonga hakucheka.
Alimega, akachovya kwenye maharagwe, akatafuna hadi mwisho,
kisha akauliza, kwa upole wa mtu anayedai chenji yake:
"Na mimi, mwalimu, nilipandishwa na nani?"

Nikarudi daftarini.
Kweli, sikumpima.
Kilo sabini za mtu, safari arobaini,
goti, pumzi, goti,
na kule kushuka mikono mitupu
ambako hesabu yangu ilikuwa imeandika sifuri.
Na ule moto: robo tatu ya chakula
inamtoka mgongoni kama mvuke wa sufuria,
haiinui hata tofali,
wala hakuna fundi anayeweza kuuziba mwanya huo
akabaki na mtu aliye hai.

Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta tena
mpaka karatasi ikatoboka kwenye alama ya sawasawa.
"Jibu ni ngapi?" Mama akauliza.
Bado, nikasema.
"Basi mwongeze nusu,"
upawa umeshafika juu ya sahani yake,
"na hiyo nusu
usiigawe kwa kitu."