Kwa Gunia

Jana tena, Mola, nimekuomba kwa jumla.
"Nisamehe dhambi zangu," nikasema,
upesi, kama karani anayefunga ghala mvua imekaribia,
gunia limeshonwa mdomo
asije mtu akatia mkono.

Leo ukungu wa Newala umefika kizingitini,
maji ya kutawadha yameniuma vidole,
na bado nimeanza na ya wengine:
nikakutajia Mkwachu na ulevi wake,
nikakutajia mwenyekiti na mabati ya chama
yaliyoezeka jiko la mkewe.
Hukusema kitu.
Kimya chako kikanichoma ubavuni
kama kile chuma tunachochomeka guniani
kutoa korosho chache, kuzipasua, kutazama ndani.

Haya basi. Punje kwa punje.
Mnada wa pili, Oktoba,
Somoe Mnali alileta kilo arobaini na tatu,
kavu, zinalia kama kokoto.
Niliandika thelathini na tisa.
Niliandika daraja la pili.
Hajui kusoma. Alinishukuru,
akanipa na mabibo matatu, nikayala njiani.

Nilitaka kusema shetani alinipitia.
Hakupita mtu.
Nilikuwa mimi na kalamu,
na mkono haukutetemeka.

Sijalia, sikudanganyi.
Magoti yanauma, na nusu ya akili
inapiga bei ya kilo nne,
inatafuta uongo wa kumpelekea nazo.

Nisiseme amina kwanza.
Viatu vyangu viko mlangoni.
Kwake ni nyuma ya mashine ya kusaga.