Mizani

Keti kwanza, Kwamboka. Trela nitakuazima,
lakini ufunguo wa kufuli lake hautoki mfukoni
mpaka chai iishe na maneno yaishe.

Miaka ishirini na sita, hapa hapa Molo,
nimefundisha mizani kwa chaki na baridi:
nane, pumzi, nane.
Silabi moja ikizidi, mstari unachechemea.
Zikizidi tatu, nilichora duara jekundu
na mtoto wa watu akalia.
Nikastaafu. Nikanunua pikapu. Nikasahau kuhesabu.

Trela nilichongewa Nakuru na fundi Mang'eni,
mbavu za vyuma vya kitanda cha hospitali,
ekseli ya gari lililokufa, taa mbili, moja ya kuwaka.
"Mwalimu, likiwa tupu hivi hivi ni kilo mia nne na ishirini.
Andika mahali."
Niliandika kiganjani. Kisha nikanawa, nikala ugali.

Msimu wa viazi akaja Kibiwott, mwanafunzi wangu wa zamani,
kijana ambaye mdomo wake haujui nukta.
Alisoma kitabu cha gari mpaka pale panapopendeza:
elfu moja na mia tano.
Akapakia lumbesa tisa. Unazijua,
gunia lenye ujauzito na kilemba juu,
kilo mia na kumi kila moja.
"Tisa mara mia na kumi, jumlisha chuma,
elfu moja mia nne na kumi. Tumebakiza tisini, Mwalimu!"

Hakugeuza ukurasa.

Injini haikulalamika. Hapo ndipo uongo ulipo.
Hadi Sachangwan ilivuta kama fahali aliyeahidiwa chumvi.
Halafu barabara ikainama kuelekea Salgaa
na kilichokuwa nyuma kikataka kuwa mbele.
Nikakanyaga breki. Breki zikanikumbusha
kwamba zilitengenezwa kwa gari moja, nasi tumekuja wawili.
Magunia mazito yalikuwa mwishoni kabisa mwa trela,
likaanza kupiga mkia, kushoto, kulia,
likiiandika lami kwa mwandiko wa mlevi.
Kibiwott alinyamaza. Mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza.
Niliinua mguu, nikashika usukani bila kubishana nao,
gia ya pili, ya kwanza, changarawe, ukingo,
kimya.
Viazi vilitangulia Salgaa bila sisi.

Sasa ukurasa wa pili, Kwamboka. Unasema hivi:
ile elfu moja na mia tano ni ya trela lenye breki zake lenyewe.
Langu halina.
Lisilo na breki, mia saba na hamsini,
pamoja na chuma chenyewe.
Toa mia nne na ishirini za Mang'eni.
Inabaki mia tatu na thelathini. Lumbesa tatu.
Si tatu na kuku.
Na hizo zikae mbele kidogo ya ekseli,
shingo ya gari ionje uzito, fungu moja katika kumi,
pungufu ya hapo mkia unaanza ngoma yake.
Na utakachopakia kwenye pikapu nacho kina hesabu yake,
na mumeo, na yule shemeji asiyekosa safari.

Nimekuandikia ubeti nyuma ya bahasha. Ubandike mbele ya usukani:

    Si hoja gari kuvuta, hoja gari kusimama,
    mzigo uliovuta, utakusukuma nyuma,
    nambari ukizifuta, barabara itasoma,
    pima, ndipo utapita,

Nusu ya mwisho nimeiacha tupu, wala sikusahau.
Hapo ndipo gari linaposimama.